Kitenzi Kisicho na Mtenda: Tamthilia ya Marie Clements

Jina la tamthilia ya Marie Clements, The Unnatural and Accidental Women, iliyoigizwa Vancouver, Kanada, mwaka 2000, halikubuniwa na mtunzi. Ni maneno ya wachunguzi wa vifo wa serikali. Ndivyo walivyoeleza vifo vya wanawake, wengi wao wa jamii asilia za Kanada, katika mtaa wa kimaskini wa mji huo: si vya kawaida, tena ni vya ajali. Kumbe kinyozi mmoja, Gilbert Paul Jordan, ndiye aliyewanywesha pombe hadi wakafa. Mwaka 1988 alihukumiwa kwa kifo kimoja tu, na kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Clements ameyaonyesha maandishi hayo jukwaani, jina, umri na kiasi cha pombe katika damu, huku marehemu wenyewe wakizungumza, wakicheka, wakigombana. Maandishi hayana mtenda, mazungumzo yanamfichua. Kisasi cha mwisho, wembe unapomgeukia kinyozi, ni ushindi mwepesi mno: wembe hausahihishi faili.

Mfasiri wa Kiswahili atapata taabu na Rebecca, bintiye mmoja wao, anayemtafuta mama yake. Je, mama huyo "amepotea"? Kuuawa, kwa kauli yake ya kutendwa, hudai muuaji. Kupotea hakudai mtu. Tena aliyepotea aweza kuwa amepotoka, na ndivyo wanawake hawa walivyodhaniwa mara nyingi polisi walipoarifiwa. "Amepotezwa" lakaribia zaidi, ijapokuwa sikio litalikataa mwanzoni.