Tanakali za Kijava: Sauti Inapogeuzwa Mchoro

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tumezoea kuorodhesha tanakali za sauti: anguka pu, tumbukia majini chubwi, nyamaza jii. Orodha hukaririwa na alama hupatikana, lakini je, sauti yenyewe husikika? Hebu tuvuke bahari tuone jinsi tanakali za Kijava, lugha ya kisiwani Java nchini Indonesia, zinavyoweza kutumiwa katika usanifu wa michoro.

Chukua ala za gamelan, muziki ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka wa 2021. Kethuk, kenong na gong ni ala zilizopewa majina kwa kuiga milio yake. Zingatia miisho ya majina hayo. Kethuk hufungwa kwa k: mlio mfupi, uliokatwa. Kenong na gong huishia kwa ng: mlio unaobaki hewani. Hivyo konsonanti ya mwisho hutudokezea muda wa sauti.

Hapa ndipo msanifu hupimwa. Akiyaandika maneno yote matatu kwa herufi nene za aina moja, kisha ayazungushie miali kama ya mlipuko katika vibonzo vya Marekani, atakuwa amepamba tu, hajayasoma. Lakini akiikata k ghafla, na ng akaivuta hadi ififie ukingoni mwa karatasi, umbo litakuwa limetokana na sauti. Vivyo hivyo byur, tanakali ya kutumbukia majini: midomo huachana kwenye b, nayo r ikatetema mwishoni. Yafaa herufi zishuke, kisha zitawanyike kama matone.

Huenda ukapinga: tanakali ni mali ya fasihi simulizi, je, kuichora si kuinyamazisha? Hoja hii ina uzito, kwani karatasi haina kiimbo, ishara wala hadhira. Hata hivyo, orodha yetu ya kukariri huinyamazisha zaidi. Mchoro uliofikiriwa humfanya msomaji aitamke tena.

Kwa maoni yangu, basi, kuichora tanakali ni kuihakiki. Wape wanafunzi pu, tifu na chubwi. Zote ni za kuanguka: pu kwa kishindo, tifu mchangani, chubwi majini. Wazichore kwa herufi pekee, bila mtu, mchanga wala maji, kisha kila mmoja aeleze sababu ya umbo alilochagua. Maelezo hayo ndiyo yatakayomfaa anapoulizwa umuhimu wa tanakali.