Lami Juu, Baiskeli Chini: Jinsi Njia ya Congo Nile Ilivyoepuka Magari

Wengi wakisikia kuna njia ya baiskeli ya kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, magharibi mwa Rwanda, hudhani ilichongwa mahususi kwa ajili ya watalii: katapila likapita, changarawe ikamwagwa, magari yakapigwa marufuku. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanyika. Congo Nile Trail, inayoanzia Rubavu kaskazini na kuishia Rusizi kusini, ni mfululizo wa barabara za udongo, njia za mashambani na vijia vya miguu ambavyo wenyeji walikuwa wakivitumia miaka mingi kabla. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, ilihusika zaidi na kuchagua, kuunganisha, kuweka alama na kutangaza. Mwendesha baiskeli hushauriwa atenge siku 5, mtembea kwa miguu siku 10.

Kwa hiyo swali la kiufundi si namna njia ilivyojengwa. Swali ni kwa nini sehemu yake ya kaskazini imebaki karibu bila magari, wakati sehemu ya kusini imeyapata kwa wingi, ilhali njia ni moja, nchi ni moja na vilima ni vilevile. Jibu langu ni kwamba kaskazini magari yalipewa pengine pa kupita, na kusini hayakupewa.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana ndiyo inayoamua mengi. Kwenye ramani, njia ya kando ya ziwa inaonekana rahisi. Uso wa maji ya Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mtu angetarajia barabara inayofuata ufuo iwe tambarare. Lakini upande wa mashariki imesimama safu ya milima inayogawa maji, na ndiyo iliyoipa njia jina lake. Mvua inayonyesha mashariki ya safu hiyo hushukia Nyabarongo, ikaingia Akagera, ikafika Ziwa Victoria na hatimaye Nile. Inayonyesha magharibi huingia Kivu, ikatoka kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika, na safari yake huishia Mto Kongo. Kutoka juu, migongo ya vilima hushuka hadi majini kama vidole vya mkono, na kati ya kidole na kidole pana ghuba. Anayesafiri kutoka kaskazini kwenda kusini hana budi kuvivuka vyote, kimoja baada ya kingine.

Kuna namna mbili za kuvivuka. Unaweza kubaki kwenye kimo kilekile: ukaingia hadi mwisho wa ghuba, ukavuka kijito, ukatoka upande wa pili. Safari inakuwa ndefu, mwinuko unabaki mdogo. Au unaweza kupanda mgongo moja kwa moja na kushuka ng'ambo, ukafupisha safari na kulipa kwa jasho. Lori linahitaji namna ya kwanza. Mama mwenye kikapu cha ndizi kichwani, akiwahi soko, huchagua ya pili. Njia nyingi za Congo Nile zilichorwa na miguu ya watu wa namna yake, na hapo ndipo mwendesha baiskeli anapokutana na ugumu ambao mabango hayausemi.

Tupige hesabu. Chukua mtu wa kilo 75, baiskeli na mizigo kilo 20. Kwenye mwinuko wa asilimia 15, akienda kilomita 5 kwa saa, anahitaji kutoa wati 190 hivi kwa ajili ya kupanda tu, kabla ya kuhesabu ukinzani wa udongo kwenye tairi. Nguvu hiyohiyo kwenye mwinuko wa asilimia 8, ambao dereva wa lori angeuvumilia, ingempeleka karibu kilomita 9 kwa saa. Sasa tazama gia. Tairi la milimita 45 husonga takriban mita 2.2 kwa kila mzunguko. Ukiwa na gia nyepesi ya moja kwa moja, yaani meno ya mbele sawa na meno ya nyuma, kilomita 5 kwa saa ni mizunguko 38 ya pedali kwa dakika, kasi inayoua magoti. Ukiwa na meno 30 mbele na 42 nyuma, unapata mizunguko 53, na mtu anaweza kukaa hapo muda mrefu. Anayekwenda Kivu na gia za baiskeli ya mashindano ya lami atasukuma kwa miguu, na si kosa la mapafu yake.

Mwinuko huohuo, hata hivyo, ndio ulinzi wa njia. Gari halipendi kupita pale.

Lakini mwinuko peke yake haufukuzi magari. Vijijini Afrika Mashariki tumeona lori zikipanda mahali ambapo mbuzi angesita, kwa sababu tu hakuna njia nyingine. Kilichotokea kati ya Rubavu na Karongi, iliyo karibu na katikati ya njia, ni kwamba njia nyingine ilipatikana. Barabara ya lami ya ukanda wa Kivu, ile inayoitwa Kivu Belt, ilipofika upande huo ilipitishwa bara, kwenye nyanda za juu za Rutsiro, mbali na ufuo. Basi la abiria likahamia juu. Lori la saruji likahamia juu. Dereva yeyote mwenye haraka akahamia juu, kwa sababu saa anazookoa ni nyingi. Huku chini zikabaki safari fupi: mkulima kwenda shambani, mwanafunzi kwenda shule, baiskeli iliyobeba madumu ya maziwa, pikipiki moja moja.

Ziwa nalo linasaidia kuliko watu wanavyolipa sifa. Kivu ni barabara. Maboti hubeba watu na mazao ya soko kati ya ghuba na ghuba, na mzigo unaosafiri majini haupandi kilima. Vituo vya kuoshea kahawa kama vile Kinunu na Cyimbili viko karibu na maji, na ndivyo vilivyokuwa nguzo za malazi kwenye nusu hii ya njia: mgeni analala palipo na kahawa, maji na watu. Mpangaji aliyeona kwamba vituo vya kahawa vinaweza kuwa vituo vya wasafiri alifanya kazi nzuri sana, na ninatamani kazi hiyo ingeigwa kwingine.

Njoo sasa kwenye udongo, jambo ambalo waandishi wa safari hulipita haraka. Barabara ya changarawe yenye magari mengi huota rasta, yale mawimbi mafupi mafupi yanayotikisa meno. Rasta huletwa na magurudumu yanayopita kwa kasi juu ya changarawe kavu: gurudumu linaruka kidogo, linatua, linasukuma punje mbele, na kila gari linalofuata linakuza tuta lilelile. Palipo na waenda kwa miguu na baiskeli za mwendo wa pole, mawimbi hayo hayajengeki. Ndiyo maana vipande vya Congo Nile visivyo na magari, hata kama vina mawe na mizizi, haviuchoshi mkono kwa namna ileile.

Kinachoviharibu vipande hivyo ni maji. Udongo mwekundu wa vilima vile una mfinyanzi mwingi. Ukiwa mkavu umekaza vizuri, ukilowa unateleza na kushika. Mvua ikinyesha kwenye mteremko usio na mtaro, maji hutafuta alama ya tairi iliyopita, yanaichimba, na baada ya msimu mmoja katikati ya njia pana korongo linaloweza kumeza gurudumu la mbele. Tazama pembeni, hata hivyo. Kando ya korongo, mara nyingi upande wa mlima, utaona mstari mwembamba uliolainika, upana wa viganja viwili, rangi yake imepauka kuliko udongo mwingine. Umekazwa na nyayo za watu na matairi ya baiskeli za mizigo asubuhi na jioni. Mstari huo ndio barabara yenyewe. Unapinda palipo na jiwe, unavuka mtaro pale tu palipo na ubao au magogo, unarudi ndani kabla ya kona. Mgeni anayeufuata hupanda vizuri. Anayeng'ang'ania katikati huteleza.

Ila mstari huo una wenyewe. Njia isiyo na magari imejaa watu, na wao ndio wenye haki ya kwanza. Anayeteremka na baiskeli ya kisasa kwa kilomita 40 kwa saa mbele ya bibi mwenye mzigo kichwani amegeuka gari.

Matengenezo nayo yana siri yake. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi nchi nzima, na miongoni mwa kazi hizo ni kuzibua mitaro na kufukia makorongo ya barabara za vijiji. Jembe na koleo vinatosha kwa njia isiyobeba lori. Mara tu lori zinaporudi, jembe halitoshi tena.

Hayo ndiyo yaliyofanywa vizuri. Kusini mambo ni mengine. Kati ya Karongi na Rusizi, lami ilipitishwa karibu na ziwa, na kwa sehemu kubwa iliwekwa juu ya barabara ileile ya udongo iliyokuwa Congo Nile Trail. Ni lami nzuri, yenye kona za kupendeza na mandhari ya visiwa, na kwa watu wa Nyamasheke ni neema: mgonjwa anafika hospitali, chai inafika kiwandani. Siwezi kuilalamikia. Ninacholalamikia ni kwamba kilomita 227 bado zinatajwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali nusu moja ni njia ya udongo yenye utulivu na nyingine ni barabara kuu. Anayekuja na tairi nene kutafuta changarawe anapaswa kuambiwa kabla hajafika.

Marekebisho yanawezekana bila fedha nyingi. Vilima vya juu ya Karongi vina barabara za udongo zinazopanda kuelekea mashamba ya chai ya Gisovu, na pembeni mwa lami vimebaki vijia vinavyounganisha vijiji. Kazi inayohitajika ni ileile iliyofanyika kaskazini: mtu apite na ramani, achague, aweke alama. Rwanda imeshaonyesha ina wapenzi na wajuzi wa baiskeli. Mbio za Race Around Rwanda, za kilomita 1,000 hivi, zipo tangu 2020, na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza barani Afrika. Nguvu hiyo ikielekezwa kwenye njia za udongo, nusu ya kusini inaweza kupata mstari mpya.

Nawaomba pia wahandisi wetu kwingineko, hasa wanaochora barabara za milimani kama Usambara na Uluguru: kabla ya kuweka lami juu ya njia ya zamani, pimeni kama mstari mwingine unawezekana, ili ya zamani ibaki kwa miguu na baiskeli. Wakati mwingine haiwezekani. Ikiwezekana, kijiji kitakuwa na barabara mbili.

Nawe msomaji ukitaka kwenda, nenda kati ya Juni na Agosti mvua zikiwa zimekatika, anzia Rubavu, ishia Karongi. Funga tairi la milimita 45 au zaidi, upepo usizidi psi 35, kagua breki kabla ya kila mteremko mrefu, na ukikutana na watu, punguza mwendo uwasalimie.