Pongezi kwa Walimu wa Jioni wa Golf

Jioni huku Golf, mjini Lubumbashi, kwenye baraza nyingi, utamkuta kijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameegemeza ubao ukutani, mbele yake wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliozidiwa na kemia. Hao ndio ninaowapongeza leo.

Somo chuoni hufundishwa kwa Kifaransa, na ukumbi hujaa pomoni. Mwanafunzi hurudi na daftari limejaa alama asizozielewa.

"Yaya, huu mlinganyo umenishinda," binti mmoja alisema nikiwa pale. Yule kijana hakumpa jibu. Alimwekea mkononi kijiwe cha kijani, malakiti, kama vile vilivyotapakaa Katanga yetu, akamwambia aseme kinachotokea kikikutana na asidi ya salfuriki. Kisha wakahesabu kwa Kiswahili: atomi za shaba ni mbili upande wa kushoto, basi salfeti ya shaba iwe mbili kulia. Salfa nayo imekuwa mbili, kwa hiyo asidi ziwe mbili. Inabaki haidrojeni: sita, yaani maji matatu. Kabonidayoksaidi moja inatoka kwa mapovu. Binti akafuta, akaandika upya peke yake, chaki ikikwaruza.

Mji huu umejengwa kwa hesabu hiyohiyo. Viwandani shaba huyeyushwa kwa asidi hiyohiyo. Umeme ukikatika barazani, walimu hawa wanawasha tochi ya simu, wanaendelea na moli: moli moja ya shaba ni gramu 63.5.