Anayejua Kukataa Vitabu

Mkutubi wa chuo kikuu tunamsifu kwa jambo dogo: kwamba anajua kitabu kilipo. Kazi yake kubwa hatuioni, kwa kuwa hufanyika kabla kitabu hakijafika kwenye rafu na baada ya watu kukisahau. Ni yeye anayeamua kipi kiingie, kipi kitoke, kipi kisiguswe.

Bajeti ni finyu na kila mhadhiri anavutia kwake. Wa sheria anadai ripoti za kesi. Wa uhandisi anadai majarida ya mtandaoni ambayo ada yake hulipwa kila mwaka. Mwaka usipolipa, mara nyingi hufungui kitu. Mkutubi hutazama mitaala, idadi ya wanafunzi na rekodi za uazimaji, halafu humnyima mtu bila kugombana naye. Rekodi zenyewe hazimalizi ubishi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, uliochapishwa 1979, ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa pale 1969 havikuazimwa hata mara moja katika miaka 6 ya mwanzo. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alikwisha kuandika 1931 kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Atakuja lini, hakusema.

Kinachompima zaidi ni zawadi. Maboksi huja kutoka ng'ambo yamejaa vitabu vya kompyuta zilizokwisha kutupwa na sheria za kodi za nchi za watu. Kwetu kukataa zawadi ni kukosa adabu, kwa hiyo mkutubi hodari hujifunza kuandika barua ya shukrani ambayo ndani yake mna hapana. (Ningependa kuona barua hizo zikifundishwa darasani.)

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, ilijengwa iweze kubeba vitabu 800,000. Nafasi kama hiyo inamshawishi mtu apokee chochote. Lakini nafasi haimwambii nakala ipi aifanyie nini: fikiria How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney, aliyefundisha hapo hapo Mlimani. Kilitoka 1972, kikichapishwa na Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza linamtosha toleo jipya. Nakala ya 1972 iliyolegea jalada, yenye mihuri ya tarehe iliyosongamana na maneno ya penseli ya wasomaji waliobishana pembezoni, ni ushahidi wa namna kitabu kilivyosomwa. Fundi wa kazi hii haitupi wala haiazimishi. Anaipeleka kwenye vitabu vya kusomea hapo hapo.

Vingine huondoka. Hapo hupigwa muhuri wa kuondolewa na kufutwa kwenye katalogi, ila kwanza, kwa kila kimoja, mkutubi huuliza maktaba nyingine kama zinacho. Akijibiwa kuwa hakuna, hukirudisha kwenye rafu, hata kama mara ya mwisho kiliazimwa 1983.