Kuchagua Uyoga: Inua Kofia, Tazama Chini

Kwenye soko la samaki la Malindi, Unguja, mnunuzi mzoefu haridhiki na magamba yanayong'aa. Huinua shavu la samaki akatazama matamvua. Uyoga nao una matamvua yake, chini ya kofia, na siri zake nyingi ziko huko. Anayechagua kwa weupe na ukubwa wa kofia ananunua sura tu.

Tuanze na uyoga mamama, unaojulikana sana kwa wakulima wa Tanzania. Ulio bora una ukingo uliojikunja kidogo kuelekea chini, na matamvua yake huteremka mpaka kwenye mguu. Ukingo ukishapinda juu, umechelewa kuchumwa. Unga mweupe ulioangukia kofia za chini ni spora, chembe za uzazi za uyoga, nao unatoa ushahidi uleule. Uyoga ukiwa na utelezi na harufu ya uchachu, uache hapohapo hata ukipunguziwa bei. Mguu nao humsema mkulima: ukiwa mrefu na kofia ikawa ndogo, banda lilikosa hewa.

Banda lenyewe halihitaji makuu. Majani makavu ya mpunga, ambayo mabonde ya Unguja kama Cheju huyabakiza baada ya mavuno, hukatwakatwa, huchemshwa, hupozwa, kisha huchanganywa na mbegu iliyooteshwa kwenye nafaka kama mtama na kujazwa kwenye mifuko. Mifuko hukaa gizani hadi nyuzi nyeupe zienee kote, ndipo ipewe mwanga, hewa na unyevu. Mfuko wenye ukungu wa kijani utolewe mara moja.

Tatizo la Unguja ni joto. Aina za mamama zilizozoea baridi huzaa kwa shida, lakini uyoga wa jamii ya Volvariella hustawi kwenye nyuzi 30 hadi 35. Mwaka 2008, Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake J. Cuff walichapisha utafiti wa kuotesha uyoga wa porini wa aina tatu, Volvariella ukiwamo, kwenye mabaki ya mkonge. Mwingine ulikuwa Coprinus cinereus, mtamu lakini hauna subira: ukifunguka, huyeyuka ukawa wino mweusi. Volvariella huchumwa ungali umefumbwa kama yai, na baridi ya jokofu huuharibu. Hoteli za Mji Mkongwe ziununue asubuhi na kuupika siku hiyohiyo.

Wa porini una sheria zake. Uyoga wa vichuguu, unaouzwa kando ya barabara za Bara wakati wa mvua, una mzizi mrefu unaozama hadi kwenye kiota cha mchwa. Ndiyo maana haulimiki kwa mifuko. Spora zake zina rangi ya waridi. Lakini uyoga wa sumu Chlorophyllum molybdites, unaoota kwenye majani mafupi na kutapisha vibaya, huacha spora za kijani. Laza kofia juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli usiku kucha, asubuhi utaiona rangi. Hata hivyo, kipimo hiki hutofautisha jamii tu, hakihalalishi kula. Kijiko cha fedha na kitunguu saumu havipimi sumu yoyote.

Sumu kali zaidi haiondoki kwa kupikwa, na dalili zake huweza kuchelewa saa 6 hadi 24. Aliyekula uyoga asioujua asingoje tumbo lianze kuuma: aende hospitali ya Mnazi Mmoja na mabaki ya uyoga wenyewe.