Siti binti Saad na Ushahidi wa Wimbo

Wengi humsifu Siti binti Saad kwa sauti yake, na sauti alikuwa nayo. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika familia ya watumwa na wafinyanzi. Alipotembeza vyungu aliinadi biashara yake kwa kuimba, na mwaka 1911 akahamia mjini kutafuta maisha. Mimi lakini namsifu zaidi kwa ufundi wa kuugeuza wimbo kuwa ushahidi.

Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa starehe ya kasri la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Mbaruk na Subeti, waliiimba kwa Kiswahili, wakaileta mtaa wa Ng'ambo kwa wachukuzi na wapishi. Mikasa ya mtaani ikatiwa vina na mizani.

Chukua wimbo wa "Kijiti". Mwanamke mgeni aliuawa baada ya kwenda ngomani na mwanamume aitwaye Kijiti. Muuaji akakimbilia bara. Wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa kosa la pombe. Siti alimtaja muuaji kwa jina na kuusimulia mkasa hatua kwa hatua. Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe: kilio kingewapa watu uchungu wa usiku mmoja, lakini kisa kilichopangwa sawasawa kiliwapa hoja. Kila aliyekisikia aliweza kuipima hukumu ile, na kiitikio kikamsaidia kukikariri na kumwimbia mwenzake. Jalada la kesi lilibaki kwa watawala Waingereza. Wimbo ukabaki kwa wananchi.

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Malalamiko ya Ng'ambo yakavuka bahari, yakarudi yamenaswa, yakapigwa katika migahawa ya pwani nzima. Shaaban Robert, gwiji wa kalamu, aliona maisha ya mwanamke huyu yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu.

Siti alifariki mwaka 1950. Chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti. Hakikukosea. Mwandishi anayefuatilia kesi ya mwanamke aliyedhulumiwa, akataja majina na kupanga matukio bila kupaka rangi, anafanya kazi ileile aliyoifanya Siti. Anayetaka kujifunza kazi hiyo, na aanze kwa kumsikiliza yeye.