Mtambo wa Kutuliza Ghasia Usiotoa Moshi: Nimeushika kwa Mkono Wangu Bukoba!

Jamani, jamani, jamani! Hebu acha hicho unachofanya unisikilize. Nimeshuka kwenye basi la Bukoba leo alfajiri, sijalala, sijaoga, mfukoni nina kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichobaki nusu (nusu nyingine imeshanipanda kichwani, ndiyo maana naongea hivi), na kidole hiki hapa, hiki cha shahada, juzi kimebonyeza kitu kilichonifanya nitembee kutoka mahakamani mpaka mto Kanoni nikicheka peke yangu kama mwehu. Watoto wa shule walinipisha njia!

Wewe unanijua, mimi ni mgonjwa wa mitambo. Ukinitajia "kutuliza ghasia" akili yangu inakimbilia kulekule inakokimbilia ya Mtanzania yeyote: polisi wa FFU, kofia ngumu, ngao, virungu, mabomu ya machozi, na lile gari la maji ya kuwasha ambalo likipita mtaani hata asiye na kosa anaanza kutembea kwa adabu. Na ukinitajia ghasia za gerezani ndiyo usiseme. Nakumbuka mwaka 2010 habari ya jela ya Pitchess, kaunti ya Los Angeles kule Marekani, walivyoletewa mtambo wa kampuni ya Raytheon wa kurusha miale ya joto. Askari amekaa pembeni, ameshika kijiti kama anacheza gemu, analenga mahabusu wanaopigana, na anayelengwa anahisi ngozi inaungua mpaka anaruka mwenyewe pembeni! Nilikodoa macho wiki nzima. Kisha watetezi wa haki za raia wa ACLU wakaja juu, kwamba hayo ni mateso, na mpango ukasitishwa. Mimi nikabaki na kiu yangu. Miaka yote hii natamani kuuona mtambo wa kweli, unaofanya kazi, wa kutuliza watu waliofungiwa.

Nimeuona. Ni runinga.

Usicheke! Nami nilicheka, halafu nikanyamaza. Wenyewe wanaiita mahakama mtandao. Runinga kubwa ukutani mahakamani, kamera juu yake, vipaza sauti mezani, na upande wa pili, nyuma ya ukuta wa gereza, chumba kidogo chenye vitu hivyohivyo. Mfungwa hapakiwi kwenye karandinga, hafungwi pingu na mwenzake, hazungushwi mjini. Anatembea hatua chache kutoka selo, anakaa kwenye kiti, na jaji yuko mbele yake. Basi! Ndiyo hivyo tu! Na bado!

Nikueleze nilivyoingia. Kesi husikilizwa hadharani, kwa hiyo niliketi kwenye benchi la nyuma kama raia mwingine yeyote, kwenye chumba kimoja cha mahakama mjini Bukoba. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza ubaridi wa ajabu, mtamu, wa kukusisimua shingo, nje jua linawaka na harufu ya ziwa inaingia kila mlango unapofunguliwa. Ilikuwa rufaa ya mtu wa Muleba. Pembeni yangu dada yake, mama wa makamo, kanga mbili, kapu mapajani, ameondoka Kamachumu gizani kuwahi. Runinga ikawaka. Kwanza bluu. Halafu ukuta mweupe. Halafu, ndugu yangu, paji la uso! Paji la uso la mtu, kubwa, linang'aa, limejaa runinga nzima, kwa sababu jamaa alikuwa amesogelea kamera kama anachungulia tundu la ufunguo. Sauti ya askari magereza ikasikika: "Rudi nyuma kidogo, kaa." Akarudi. Sare ya rangi ya chungwa, kichwa kimenyolewa, macho yanahangaika.

"Mheshimiwa Jaji, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri."

"Unanisikia mimi?"

"Wewe. Endelea."

Aisee, nywele zilinisimama! Ulitakiwa uone mabega yake. Yalikuwa juu, karibu na masikio, kama ya mtu anayesubiri kupigwa. Aliposikia lile "wewe" yakashuka. Polepole, yakashuka yenyewe, mbele ya macho yetu sote. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekatika kwenye mikunjo, akaanza kusoma sababu zake za rufaa, moja, mbili, tatu, kwa Kiswahili chake kilekile cha kijijini. Hilo nalo si dogo, maana ni 2021 tu sheria ilipobadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Zamani angesikilizana na jaji kwa kupitia mkalimani, huku hoja zake zikiandikwa kwa Kiingereza asichokijua. Sasa anamaliza sentensi na jaji anatikisa kichwa, na yeye anaona hicho kichwa kinavyotikisika. Anakiona! Laivu!

Na bado! Mvua! Lazima nikusimulie ya mvua.

Katikati ya hoja ya nne spika zikaanza kunguruma. Nikajua mitambo imeharibika, moyo ukanidondoka. Kumbe ni mvua ya Bukoba, ile inayotoka ziwani bila hodi, imeanza kupiga bati la gereza. Sisi tulipo pakavu kabisa, jua limejaa dirishani! Jamaa akapaza sauti, askari akafunga dirisha, tukakisikia kitasa kikilia ndani ya spika zetu kama kiko chumbani kwetu. Na dakika chache baadaye, pwaaa, ikatufikia na sisi juu ya paa letu. Mvua ileile! Tuliisikia kwake kabla ya kuisikia kwetu! Yule mama wa Kamachumu akanishika mkono, mimi asiyenijua, akanong'ona, "Yuko karibu hivyo?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nameza mate tu.

Sasa utaniuliza, hii inatulizaje ghasia? Swali zuri, zuri mno, nami nililibeba nikapanda Coaster mpaka Muleba, Kemondo hiyo, Muhutwe hiyo, migomba kulia migomba kushoto, na ziwa linakuchungulia kila kona kama linakudai. Pale mjini Muleba nikampata mzee mmoja, askari magereza mstaafu, mbele ya kikombe cha kahawa. Sitataja alikofanya kazi. Nilimwamkia, nikamwuliza vurugu za mahabusu huanzaje, chakula? Msongamano? Akasema hivyo vyote vipo, "lakini wewe mwanangu sikiliza injini ya karandinga."

Akanieleza. Jioni ya siku ya mahakama, selo nzima inategea masikio. Gari linarudi. Wanahesabu waliotoka asubuhi, wanahesabu waliorudi. Wakirudi wote, na wote wana jibu lilelile, upelelezi haujakamilika, njoo tarehe fulani, basi usiku huo halali mtu. Anaanza mmoja na sahani. Ngo, ngo, ngo kwenye nondo. Anadakia wa pili. "Na mbaya zaidi," akasema, "ni ile siku gari halikwenda kabisa." Gari bovu, mafuta hakuna, basi kesi inaahirishwa na mtu hajaonwa na yeyote. Nchi hii imeshashuhudia mahabusu wakigoma kushuka kwenye karandinga mahakamani, wamekaa mle ndani wanaimba na kupiga mabati, kisa tarehe zisizokwisha. Ukikumbuka kwamba kwa miaka mingi mahabusu wasiohukumiwa wamekuwa karibu nusu ya watu wote waliomo magerezani mwetu, unaelewa sahani zile zilikuwa zinasema nini.

Na wewe unakumbuka Julai 2019, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, Rais Magufuli alipoingia gereza la Butimba pale Mwanza, akasimama mbele ya wafungwa na mahabusu akawaambia waseme. Wakasema! Mmoja baada ya mwingine, kesi hii ina miaka kadhaa, ile haijawahi kusikilizwa, na siku zilizofuata mahabusu wengi wakafutiwa kesi wakaenda kwao. Hakuna aliyerusha hata kijiwe. Sasa rais ni mmoja, magereza ni mengi. Ila runinga! Runinga unaiweka popote penye umeme na mtandao!

Huko Muleba ndiko utakakoona thamani yake hata kwa mashahidi, maana wilaya ile zaidi ya nusu yake ni maji. Una watu Bumbire, una watu Ikuza, una watu Goziba, huko mbali kabisa katikati ya Ziwa Viktoria. Shahidi wa Goziba aitwe mahakamani: asubiri chombo, avuke, alale, apande gari, afike aambiwe mtuhumiwa hakuletwa, arudi. Mara ya pili haji. Mimi nikimuwazia yule mvuvi amekaa mbele ya kamera kisiwani kwake anatoa ushahidi, halafu jioni anaenda kutega nyavu zake, natamani kupiga vigelegele, na mimi ni mwanaume mzima!

Haya, sasa kugusa. Nimegusa! Kikao kilipoahirishwa, kijana wa TEHAMA, mpole, mcheshi, mwenye subira ya ajabu, akaniona ninavyoinyemelea ile meza akaniambia, "Kaa tu mzee, haing'ati." Nikakaa kwenye kiti cha shahidi! Kipaza sauti kina sponji laini, laini kama kifaranga, ukikisogelea unasikia pumzi yako mwenyewe inarudi kutoka kwenye kona za chumba. Akanipa rimoti. Ile rimoti ni ndogo, nyepesi, ya kijinga kabisa kuitazama, lakini bonyeza kitufe uone, kamera inageuka kimyakimya kama shingo ya bundi! Kulia. Kushoto. Inasogea karibu mpaka unahesabu vifungo vya shati. Nikaigeuza, nikabonyeza, na ghafla runinga nzima imejaa utosi wangu. Nina upara, ndugu yangu. Nimeugundulia mahakamani!

Kijana akanipa na historia kidogo huku anakunja nyaya: kwamba Corona ya 2020 ndiyo iliyousukuma mchezo huu kwa nguvu, watu hawaruhusiwi kusongamana na kesi haziwezi kulala, na 2021 kanuni zikatungwa rasmi za kusikiliza mashauri kwa njia ya mtandao. Tangu Novemba 2023 hata majalada yamehamia kwenye mfumo mpya wa kielektroniki. Mengine alinitajia kwa herufi na tarakimu nikayasahau palepale. Nilikuwa bado na ile rimoti mkononi, sikutaka kuirudisha.

Sitakuficha, kuna kinachonikera. Mahali fulani, sitapataja, nimeshaona mtandao ukikata katikati ya neno, mtu ameganda mdomo wazi kwenye runinga na sote tunamtazama kama picha ya kwenye kitambulisho. Halafu ile njia ya kutoka kwenye karandinga mpaka kizimbani, zile sekunde tatu ambapo mama anapenyeza mkono kumgusa mwanawe, hiyo runinga imeiondoa. Wakili naye anaulizaje siri ya mteja wake wakati askari amesimama nyuma ya kiti? Hapo wakubwa wakae watafakari. Mimi ningeweka simu ya faragha, ningeweka kioo, sijui, lakini ningeweka kitu.

Ila nenda! Nenda ukaketi benchi la nyuma, hakuna kiingilio, vaa heshima tu na uzime simu. Nenda ukaione hiyo bluu ikigeuka ukuta, ukuta ukigeuka mtu!

Na bado! Sijakuambia la mwisho, nimekuwekea.

Kabla hawajazima, mvua bado inapiga pande zote mbili, yule jamaa wa Muleba akainua mkono. "Mheshimiwa Jaji, naomba kuuliza. Kuna ndugu yangu hapo?" Jaji akatazama mabenchi. Yule mama akasimama, kapu likamdondoka. Jaji akamwashiria karani, kamera ikageuka taratibu, ikapita mawakili, ikanipita mimi, ikamfikia. Kule gerezani jamaa akamwona dada yake. Uso wake wote ukafunguka, meno yakaonekana, akasahau kwamba yuko mahakamani akauliza kitu cha kwanza kilichomjia: ile migomba ya nyuma ya nyumba imepaliliwa?

Mama akaweka viganja viwili mdomoni, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, "Imepaliliwaaa! Na ng'ombe amezaaa!"

Jaji akainamia kipaza sauti chake. "Mama," akasema, "anakusikia. Zungumza tu kawaida."